Kamukunji Imewasikia Wote

Uwanja wa Kamukunji uko pale katikati ya jiji la Nairobi inapoishia na Eastlands inapoanza. Ukivuka unaingia Gikomba, Majengo au Shauri Moyo, na ukizidi kwenda mashariki unakutana na Kaloleni, Makongeni, Maringo na Jericho, hadi Buruburu, Umoja na Kayole. Tarehe 7 Julai 1990, serikali ya chama kimoja ya Rais Daniel arap Moi ilipiga marufuku mkutano ulioitishwa hapo kudai mfumo wa vyama vingi. Waliouitisha, Kenneth Matiba na Charles Rubia, walikuwa wametiwa kizuizini siku tatu kabla, na Raila Odinga akafuata wiki hiyohiyo. Watu walikwenda hata hivyo. Polisi waliwapokea kwa marungu, vitoa machozi na risasi. Siku hiyo ikapata jina ambalo kila Mkenya analijua: Saba Saba.

Tarehe 7 Julai 2023, Raila alikuwa tena Kamukunji. Safari hii alikuwa kinara wa Azimio, muungano wa upinzani, akipinga Sheria ya Fedha ya 2023 iliyopandisha ushuru wa mafuta kutoka asilimia 8 hadi 16 na kuwakata wafanyakazi asilimia 1.5 ya mshahara kwa ajili ya nyumba za bei nafuu. Vitoa machozi vilirushwa tena. Rais William Ruto na naibu wake wakati huo, Rigathi Gachagua, walisema maandamano yanaharibu uchumi na hayatavumiliwa.

Ikaja tarehe 7 Julai 2025. Chama cha ODM cha Raila kilikuwa na mawaziri katika serikali ya Ruto. Gachagua alikuwa ametimuliwa ofisini na kuunda chama chake, na sasa ndiye aliyekuwa akilaani ukatili wa polisi. Barabara za kuingia mjini zilizibwa kwa seng'enge na malori ya polisi, hata Raila mwenyewe, aliyekuwa ametangaza kwamba angefika Kamukunji, hakufika. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu (KNCHR) ilihesabu zaidi ya watu 30 waliouawa nchini katika siku hiyo moja.

Katika matukio haya, wanaopigwa risasi wanatoka mitaa ileile, na tangu 2010 Kifungu cha 37 cha Katiba kimempa kila mtu haki ya kukusanyika na kuandamana kwa amani bila silaha. Viongozi ndio wanaobadilishana nafasi. Aliyelia jana leo anatetea bunduki, na aliyetetea bunduki jana leo analia. Huo ndio undumakuwili, na nataka kuuzungumzia bila kumficha mtu wala kuupendelea mrengo. Naamini kwa dhati kwamba kiongozi hapimwi kwa maneno anayoyasema akiwa nje ya serikali. Anapimwa kwa alichosema wakati bunduki ilikuwa mikononi mwa upande wake. Na sisi wapiga kura tunapimwa kwa kipimo hichohicho.

Kuna wanaosema huu ni ugonjwa wa demokrasia changa, kwamba tukikomaa utapona wenyewe. Wanaosema hivyo huitaja Marekani kama mfano. Na kweli siasa za Marekani tumezifanya zetu. Barack Obama aliposhinda Novemba 2008, Rais Mwai Kibaki aliitangaza tarehe 6 kuwa sikukuu ya taifa, na tangu hapo hakuna kinyozi wa Umoja wala muuza magazeti wa Buruburu asiye na maoni kuhusu Republican na Democrat. Ubalozi wao nao hutoa taarifa za kutuasa kila uchaguzi wetu unapochafuka. Basi na tuwatazame walimu wetu wanavyojipima wenyewe.

Februari 2016, Jaji Antonin Scalia wa Mahakama ya Juu ya Marekani alifariki. Rais Obama akamteua Merrick Garland kuchukua nafasi yake. Mitch McConnell, aliyeongoza Republican katika Seneti, alikataa hata kumsikiliza, akisema mwaka wa uchaguzi ni mwaka wa kuwaachia wananchi waamue. Kulikuwa na takriban miezi tisa kabla ya kura. Septemba 2020 akafariki Jaji Ruth Bader Ginsburg, na safari hii rais alikuwa Donald Trump wa Republican. McConnell yuleyule, katika Seneti ileile, alimpitisha Amy Coney Barrett tarehe 26 Oktoba, siku nane kabla ya uchaguzi. Kanuni iliyokuwa takatifu mwaka 2016 ilizikwa bila matanga mara tu ilipoanza kumbana aliyeitunga.

Tarehe 6 Januari 2021, wafuasi wa Trump walivamia jengo la bunge mjini Washington ili kuzuia ushindi wa Joe Biden usiidhinishwe. Maafisa wa polisi wapatao 140 waliumizwa. Chama cha Republican hujinadi kama chama cha sheria na utulivu, chama kinachosimama na polisi. Lakini tarehe 20 Januari 2025, siku ya kwanza aliporudi Ikulu, Trump aliwasamehe watu takriban 1,500 walioshtakiwa kwa uvamizi huo, wakiwemo waliowapiga polisi. Miezi mitano baadaye, watu wa Los Angeles walipoandamana kupinga wahamiaji kukamatwa, Trump alipeleka askari wa akiba 4,000 na wanamaji 700 bila ridhaa ya gavana wa jimbo. Aliyempiga polisi kwa jina la rais akarudishwa nyumbani, na aliyemtetea jirani yake mhamiaji akapelekewa jeshi.

Mimi ni mtu wa mrengo wa mabadiliko. Naamini katika haki za wafanyakazi, za wanawake, za wahamiaji na za maskini, na moyo wangu uko karibu na Democrat kuliko Republican. Kwa sababu hiyohiyo lazima niyaseme ya Democrat pia. Joe Biden alisema hatamsamehe mwanawe Hunter, kwamba sheria ifuate mkondo wake. Tarehe 1 Desemba 2024, uchaguzi ukiwa umepita, akamsamehe. Na kuna jambo linalotuhusu sisi zaidi. Mwezi Juni 2024 Biden aliipa Kenya hadhi ya mshirika mkuu wa kijeshi nje ya NATO, huku serikali yake ikiwa mfadhili mkuu wa kikosi cha polisi wetu kilichotumwa Haiti. Kundi la kwanza la polisi hao lilitua Port-au-Prince tarehe 25 Juni 2024. Siku hiyohiyo wenzao walikuwa wakiwafyatulia risasi vijana waliopinga Mswada wa Fedha nje ya Bunge la Nairobi. Serikali iliyojitangaza kuwa mlinzi wa demokrasia duniani ilieleza wasiwasi wake, kisha ushirikiano ukaendelea kama kawaida. Laiti wauaji wale wangekuwa polisi wa nchi hasimu, tungesikia lugha nyingine kabisa.

Undumakuwili huo haubaki kwao. Mpango wa PEPFAR, uliowapa mamilioni ya Waafrika dawa za kupunguza makali ya ukimwi, ulianzishwa mwaka 2003 na George W. Bush, rais wa Republican, na chama chake kikajivunia kwamba kinatetea uhai. Januari 2025, Trump aliposimamisha misaada ya nje kwa sahihi moja, wengi katika chama hichohicho walinyamaza. Mama wa Korogocho au Kayole anayemeza dawa hizo kila siku akabaki akijiuliza kama kliniki itafunguliwa wiki ijayo.

Marekani ina katiba ya zaidi ya miaka 200, mahakama zenye nguvu na magazeti yasiyomwogopa mtu. Vyote hivyo havikuizuia kanuni kugeuzwa kuwa silaha ya chama. Kwa hiyo tusingoje umri wa demokrasia ututibu. Ugonjwa huu hauponi wenyewe, na ukiachwa unazoeleka.

Sasa turudi Eastlands, ambako gharama yake huhesabiwa kwa majeneza.

Baada ya uchaguzi wa Agosti 2017, Human Rights Watch na Amnesty International ziliandika kwamba watu wasiopungua 33 waliuawa Nairobi pekee, wengi wao na polisi, katika mitaa kama Mathare, Babadogo, Dandora, Korogocho na Kariobangi. Mathare Kaskazini mtoto wa miaka 9 alipigwa risasi akicheza kwenye roshani. Muungano wa upinzani wa NASA ulipiga kelele kubwa, na ulikuwa na haki ya kupiga. Chama tawala cha Jubilee, cha Rais Uhuru Kenyatta na naibu wake William Ruto, kikasema polisi walikuwa wakikabiliana na wahalifu. Kisha tarehe 9 Machi 2018, Uhuru na Raila wakapeana mikono kwenye ngazi za Jumba la Harambee. Tangu siku hiyo, waliokuwa wakiyataja majina ya waliokufa wakaacha kuyataja. Familia za Mathare hazikupata mkono wa mtu.

Mwaka 2022 Ruto aliahidi kukomesha mauaji ya kiholela. Oktoba mwaka huo, baada ya miili kupatikana katika Mto Yala, alikivunja kitengo maalumu cha idara ya upelelezi, SSU, kilichohusishwa na watu kupotea. Nilifurahi, kama walivyofurahi wengi, kwa sababu lilikuwa jambo jema na lilipaswa kusifiwa bila kujali nani kalifanya. Lakini kati ya Juni na Desemba 2024, KNCHR ilirekodi visa 82 vya watu kutekwa nyara, wengi wao vijana waliopinga Mswada wa Fedha. Waliokuwa wakiimba kuhusu Mto Yala wakiwa nje walianza kutuambia kwamba wazazi wafunze watoto wao adabu mitandaoni.

Tazama pia jinsi mali inavyothaminiwa. Tarehe 27 Machi 2023, wakati wa maandamano ya Azimio, kundi la watu lilivamia Northlands, shamba la Ruiru la familia ya Uhuru Kenyatta, ambaye sasa alikuwa upande wa upinzani, likakata miti na kuswaga kondoo mchana kweupe. Polisi hawakuwazuia. Lakini tarehe 9 Julai 2025, siku mbili baada ya Saba Saba, Rais Ruto alisema anayechoma biashara ya mtu apigwe risasi mguuni. Mimi napinga uporaji wote. Mwenye duka la simu pale Moi Avenue ana uchungu na mali yake sawa na mwenye shamba Ruiru. Swali ni hili: kwa nini mali ya mpinzani ilipoporwa hakukuwa na amri ya risasi, na mali ilipoporwa katika maandamano dhidi ya serikali ikawepo?

Waziri wa Usalama wa Ndani, Kipchumba Murkomen, alikuwa seneta aliyepaza sauti mwaka 2020, wakati maseneta wenzake watatu walipokamatwa na polisi katika mvutano wa ugavi wa pesa za kaunti. Alisema haki, na nchi ilimsikiliza. Tarehe 26 Juni 2025, akiwa ndiye anayesimamia wizara, alitangaza kwamba polisi wameagizwa kumpiga risasi atakayethubutu kukaribia kituo cha polisi. Katika kipindi cha miaka mitano, mtu mmoja alihama kutoka kutetea haki ya seneta asikamatwe kiholela hadi kuiruhusu risasi dhidi ya kijana asiye na cheo.

Ardhi nayo ina hadithi yake. Alfajiri ya tarehe 4 Mei 2020, mvua ikinyesha na kafyu ya korona ikiendelea, matingatinga yaliingia Kariobangi Kaskazini. Maelfu ya watu waliachwa nje, ingawa mahakama ilikuwa imetoa amri ya kuwalinda. Serikali ilisema ardhi ni ya kampuni ya maji ya jiji. Kampeni ya Ruto ya mwaka 2022 ikaja na ahadi kwa mama mboga na bodaboda kwamba serikali ya mahasla haitamnyanyasa mnyonge. Mei 2024, mafuriko yakiwa yameua zaidi ya watu 200 nchini, serikali ya mahasla ilituma matingatinga Mathare na Mukuru kubomoa nyumba zilizo kando ya mito, na kuwaahidi waliofurushwa shilingi 10,000 kila familia.

Ni kweli kwamba kujenga kando ya mto ni hatari, na sheria ya mito ina maana yake. Lakini linganisha na Hoteli ya Weston inayohusishwa na Ruto, iliyojengwa Barabara ya Lang'ata kwenye ardhi iliyokuwa ya Mamlaka ya Usafiri wa Ndege. Januari 2019 Tume ya Taifa ya Ardhi iliamua kwamba hoteli isibomolewe. Ilipe tu fidia kwa bei ya soko. Mkazi wa Kariobangi hakuambiwa alipe bei ya soko na abaki. Aliambiwa atoke.

Kortini ni hivyohivyo. Novemba 2022, miezi michache baada ya Kenya Kwanza, muungano wa Ruto na Gachagua, kushinda, Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma aliondoa kesi ya ufisadi wa shilingi bilioni 7.3 iliyomkabili Gachagua. Miaka miwili baadaye kamili, Novemba 2024, mwendesha mashtaka maalumu Jack Smith aliziondoa kesi za shirikisho zilizomkabili Trump kwa sababu alikuwa amechaguliwa tena. Nairobi na Washington zilikutana katika somo moja: ushindi wa kura ni wakili bora kuliko wote. Mchuuzi wa Gikomba aliyenyakuliwa na askari wa kanjo akiuza soksi kando ya barabara hana uchaguzi wa kushinda. Yeye hulipa faini, au hulala ndani.

Gachagua naye alikuja kuyaonja. Oktoba 2024 Seneti ilimtimua akiwa hospitalini, na mawakili wake wakalalamika kwamba hakupewa nafasi ya kujitetea. Mkuki kwa nguruwe, kwa mwanadamu mchungu. Hata hivyo malalamiko hayo yalikuwa na uzito, na nayatetea ingawa simuungi mkono mwanasiasa huyo, aliyewahi kutuambia kwamba serikali ni kampuni ya wenye hisa. Haki ya kusikilizwa ikinyimwa mtu tusiyempenda na tukashangilia, tutaidai kwa mdomo gani itakaponyimwa mtu wetu?

Hata mkate una mrengo. Mwaka 2023 John Mbadi alikuwa mwenyekiti wa ODM, chama kilichosema Sheria ya Fedha itamwangamiza mwananchi. Tarehe 12 Juni 2025, Mbadi huyohuyo alisimama Bungeni kama Waziri wa Fedha akisoma bajeti ya serikali ileile. Kuingia serikalini si dhambi. Lakini ushuru wa nyumba aliokuwa akiupinga bado unakatwa, na mfanyakazi wa viwanda vya Barabara ya Lunga Lunga, anayetembea kwa miguu kutoka Mukuru kila asubuhi, hajaelezwa kwa nini kilichomwangamiza mwaka 2023 hakimwangamizi tena.

Nani amewaruhusu viongozi kuishi hivi? Jibu linauma: ni sisi. Katika mitaa yetu, waliokufa 2017 waliitwa watu wa NASA. Waliokufa 2023 waliitwa watu wa Azimio. Waliokufa 2024 waliitwa Gen Z, na waliokufa 2025 wengine wakawaita vijana wa Gachagua. Kila mara kuna nusu ya ploti iliyoomboleza na nusu iliyosema walijitakia. Mwaka uliofuata zamu ikabadilika. Sote tunamjua mfanyabiashara mwenye gorogoro mbili, moja nzima ya kununulia mahindi kwa mkulima na nyingine iliyobonyezwa kitako ya kumuuzia mteja. Tungemkuta sokoni tungemfukuza siku hiyohiyo. Lakini tunapopima damu ya vijana wetu, wengi wetu tuna gorogoro mbili, na iliyobonyezwa huwa ya kabila na chama cha mwenzetu.

Najua jibu ambalo litatolewa. Watasema siasa ni maelewano, na kwamba bila handisheki ya 2018 na mkataba wa Machi 2025 nchi ingeungua. Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Eastlands inajua vita vya jirani kwa jirani; waliofurushwa Mathare na Huruma mapema mwaka 2008 bado wapo, na hakuna anayetaka kuyarudia. Raila mwenyewe, aliyefariki Oktoba 2025, alikuwa amelipia demokrasia hii kwa miaka ya kizuizini ambayo wengi wanaomsema hawangeistahimili. Sipingi adui kupeana mkono na adui.

Ninachopinga ni maelewano yanayoanza kwa kuwasahau waliokufa. Mkataba ambao Ruto na Raila walitia sahihi pale KICC tarehe 7 Machi 2025 ulitaja haki ya kuandamana kwa amani na fidia kwa waathiriwa. Yalikuwa maneno mazuri. Miezi minne kamili baadaye ikaja Saba Saba na vifo vyake, na hakuna waziri hata mmoja wa ODM aliyejiuzulu. Amani ya kweli ingempa mwathiriwa kiti mezani kabla ya kumpa mwanasiasa wizara. Ikiwa muafaka unazalisha mawaziri katika wiki chache na haki haizalishi hata baada ya miaka, basi tujue ulikuwa muafaka wa nani.

Wengine watasema wanasiasa wote ni wamoja, hivyo tusijisumbue. Hilo nalo ni kosa. Edwin Sifuna, seneta wa Nairobi, akiwa Katibu Mkuu wa ODM, aliendelea kuikosoa serikali ambayo chama chake kilikuwa ndani yake, na alilipia kwa kutengwa na wenzake. Babu Owino wa Embakasi Mashariki naye hakunyamaza. Simwombei yeyote kura. Wao pia watapimwa siku watakaposhika madaraka, kwa kipimo hichohicho. Lakini tukisema wote ni sawa, tunamwondolea anayejaribu sababu ya kujaribu, na tunampa kigeugeu pa kujificha.

Na mfano wa kuishi bila undumakuwili hatuhitaji kuutafuta mbali. Uko mitaani kwetu. Kituo cha Haki za Kijamii cha Mathare kimekuwa kikiandika mauaji ya polisi tangu enzi za Jubilee. Serikali ilipobadilika hakikuacha, wala hakikubadilisha lugha. Kayole na Dandora wana vituo vyao vinavyofanya kazi hiyohiyo. Wiki zilezile dunia ilipokuwa ikimlilia George Floyd aliyeuawa na polisi Minneapolis, watu wa Mathare waliandamana tarehe 8 Juni 2020 wakitaja majina ya watoto wao wenyewe, waliouawa na polisi wa Kenya. Akina mama waliopoteza wana wamejiunga katika mtandao wao, na ndani yake mama aliyempoteza mwana 2017 anaketi na aliyempoteza 2024. Hawaulizani walimpigia nani kura.

Kazi hiyo haina posho ya kampeni wala helikopta. Ni kuandika jina, umri, mahali, saa na jina la kituo cha polisi. Kumsindikiza mama hadi chumba cha maiti. Kuipeleka faili IPOA, mamlaka huru ya kuwasimamia polisi, na kurudi tena kuiulizia. Kukaa kortini kesi inapoahirishwa kwa mara nyingine. Katika kazi hiyo mtu ni mtu, na sheria ni sheria, rais awe nani. Hapo ndipo penye siasa ninayoiamini.

Uchaguzi mkuu ujao ni tarehe 10 Agosti 2027. Magari yenye vipaza sauti yatarudi Jacaranda, Kamukunji na uwanja wa Umoja. Watakaokuja watatuambia jinsi upande wa pili ulivyotuua, ulivyotubomolea na ulivyotutoza. Mengi watakayosema yatakuwa kweli. Ndiyo maana tusiishie kuuliza kama ni kweli.

Tumuulize kila mgombea, wa serikali na wa upinzani, maswali yanayoweza kujibiwa kwa tarehe. Julai 2023 vijana walipouawa, ulikuwa wapi na ulisema nini? Juni 2024? Julai 2025? Matingatinga yalipoingia Kariobangi mwaka 2020 na Mathare mwaka 2024, ulisimama na nani katika kila tukio? Mwenzako wa chama alipoondolewa kesi, ulifurahi au uliuliza kwa nini? Majibu yapo: kwenye kumbukumbu za Bunge, kwenye magazeti, kwenye video zilizo katika simu zetu. Wenye vituo vya haki wanaweza kuyakusanya, vijana wa mtaa wanaweza kuyachapisha na kuyabandika katika kila stendi ya matatu kuanzia Muthurwa hadi Kayole.

Kisha kila mmoja wetu ajiulize maswali hayohayo, kwanza kuhusu mgombea anayempenda. Hilo ndilo gumu, na hilo ndilo litakaloleta mabadiliko, kwa sababu mwanasiasa haogopi lawama za wapinzani wake. Anaogopa siku ambayo watu wake wenyewe watamwambia: ulinyamaza tulipouawa kwa sababu chama chako kilikuwa mezani, na kwa hilo pekee hatukupi kura.